Majengo, Makadara, Ziwani: nyayo za Pwani katika mitaa ya Eastlands, Nairobi

Majengo, Makadara, Bondeni, Ziwani. Mtu wa Mombasa akisikia majina haya anaweza kukuonyesha njia hata akiwa amefumba macho. Mtu wa Nairobi naye atakuonyesha njia, lakini njia yake ni nyingine, kwa sababu majina yote hayo manne yako pia Nairobi, upande wa mashariki wa jiji, katika mitaa inayoitwa kwa pamoja Eastlands. Ongeza hapo Kaloleni, ambayo sisi tunaijua kuwa mji wa Kilifi. Ongeza Makongeni, ambayo wenzetu wa Kwale wanayo yao. Na ndani ya Majengo ya Nairobi kuna sehemu inayoitwa Digo.

Majina hayakusafiri peke yake. Yalibebwa na watu. Nimeandika makala haya kwa sababu kila mara ninapozungumza na vijana wetu wa Pwani waliokwenda Nairobi kusoma au kutafuta kazi, naona wanaishi Eastlands kama wageni kabisa. Wanaitazama kama mitaa ya bara isiyowahusu. Wachache wanajua kuwa msingi wa mitaa hiyo uliwekwa pamoja na watu wa kwao, kwa lugha yao, na kwa aina ya nyumba waliyozaliwa ndani yake. Na sasa alama hizo zinaondoka moja baada ya nyingine. Basi nimezipanga hapa, mahali kwa mahali, ili anayetaka kuzijua azijue, na anayetaka kwenda kuziona aende zingali zipo.

Vijiji vya mwanzo: Pangani, Maskini, Kaburini na Mombasa

Nairobi ni mji mchanga. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika hapo mwaka 1899, na kambi ya reli ikageuka mji. Mwaka 1905 makao makuu ya serikali ya kikoloni yakahamishwa kutoka Mombasa kwenda huko. Karani, askari, mpishi, mpagazi, fundi wa kushona na mfanyabiashara mdogo wote walihitajika, na wengi wa mwanzo walitoka Pwani au walikuwa watu wa misafara waliokwisha kuzoea Kiswahili na Uislamu.

Mkoloni hakuwajengea nyumba. Wakajijengea wenyewe vijiji pembezoni mwa mji. Kimoja kikaitwa Pangani, jina la mji wa mwambao ulio kusini mwa Tanga, mahali ambapo misafara mingi ilikuwa ikianzia safari ya bara. Kingine kiliitwa Maskini. Kingine Kaburini, kwa kuwa karibu na makaburi. Na kingine kiliitwa Mombasa, bila kuongeza neno. Hivyo kulikuwa na wakati ambapo mtu wa Nairobi angeweza kusema "naenda Mombasa" na kufika kwa miguu kabla chai haijapoa.

Pangani ndiyo iliyodumu kuliko wenzake. Hapo ndipo alipoishi Harry Thuku, karani kijana aliyepinga kipande na kodi. Chama chake, East African Association, kilikuwa cha watu wa mjini wa makabila mbalimbali, Waislamu wakiwemo. Alikamatwa Machi 1922, na siku mbili baadaye, tarehe 16, umati uliokusanyika kituo cha polisi kudai aachiliwe ulipigwa risasi. Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyewakemea wanaume kwa woga wao, alikuwa miongoni mwa waliouawa. Thuku mwenyewe alipelekwa kifungoni Kismayu, ambayo wakati huo ilikuwa bado ndani ya Kenya.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1920 serikali ilivibomoa vijiji vya Maskini, Kaburini na Mombasa. Pangani nayo ikabomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930. Jina lilibaki kwenye eneo hilo, ukajengwa mtaa wa nyumba za baraza la jiji. Miaka themanini hivi baadaye nyumba hizo za baraza nazo zikavunjwa ili kupisha ghorofa za mpango wa nyumba za bei nafuu. Pangani, kwa hiyo, imebomolewa mara mbili, na mara zote mbili aliyebaki ni jina tu.

Kariokor: jina la wapagazi waliokufa vitani

Ukitoka katikati ya jiji kuelekea mashariki, alama ya kwanza kubwa ni Kariokor. Leo watu huijua kwa soko lake: vyondo, mikufu ya shanga, ngozi, na nyama choma ya mchana. Lakini jina lake ni la msiba.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka Agosti 1914, Uingereza ilitawala Kenya na Ujerumani ilitawala Tanganyika. Mpaka ukawa uwanja wa vita. Wajerumani waliiteka Taveta mwezi huo huo. Januari 1915 walipigana na Waingereza Jasini, hatua chache kutoka Vanga. Jemadari wao, Paul von Lettow-Vorbeck, aliendelea kukimbizana na majeshi ya Uingereza kupitia Tanganyika na Msumbiji hadi alipoweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918, huko Abercorn, Zambia ya leo.

Katika vita hivyo hapakuwa na barabara za malori wala farasi waliostahimili ndorobo. Kila risasi, kila gunia la unga, kila sanduku la dawa lilibebwa kichwani. Waingereza wakaunda kikosi cha wapagazi kilichoitwa Carrier Corps, na ulimi wa Kiswahili ukakiita Kariakoo. Kutoka Kenya peke yake walichukuliwa zaidi ya watu laki moja na nusu, wengi wao kwa nguvu. Sisi wa Pwani tunalikumbuka hilo kwa njia yetu: Wagiriama walipoinuka dhidi ya Waingereza mwaka 1914, mojawapo ya mambo yaliyokuwa yamewachosha ni kutakiwa watoe vijana wa kazi.

Hesabu ya Waingereza wenyewe ilikiri vifo zaidi ya 40,000 vya wapagazi wa upande wao, na wanahistoria wengi huona kuwa waliokufa walikuwa wengi zaidi ya hapo. Wachache waliuawa kwa risasi. Wengi waliuawa na tumbo la kuhara damu, malaria, baridi ya milimani na unga mbichi ambao haukupikwa ukaiva.

Kambi ya kikosi hicho Nairobi ndiyo iliyoacha jina la Kariokor. Kambi yao Dar es Salaam nayo ikaacha jina la Kariakoo. Kule Dar kuna la ziada: jengo la soko walilolikuta Waingereza lilikuwa limejengwa na Wajerumani kwa ajili ya sherehe za mfalme wao mwaka 1914, vita vikaingia kabla halijatumika kwa shughuli hiyo. Masoko mawili, miji miwili, tawala mbili zilizopigana, na jina moja la watu waliobeba mizigo ya vita vya wengine.

Nairobi na Mombasa zote zina sanamu za askari na mpagazi zilizowekwa miaka ya 1920. Sanamu zinapigwa picha na watalii. Ila kwa maoni yangu kumbukumbu ya kweli ya wapagazi ni jina Kariokor, kwa sababu makondakta wa matatu wanalitaja maelfu ya mara kila siku, hata kama hawajui wanamtaja nani.

Karibu na hapo yako makaburi ya Waislamu ya Kariokor. Watu wetu wengi waliofia Nairobi bila jamaa wa kuwasafirisha wamelala hapo. Ukipita, mwombee maiti, huenda ni babu wa jirani yako.

Pumwani na Majengo: nyumba ya Kiswahili yapanda bara

Serikali ya kikoloni ilipovibomoa vijiji vya mwanzo, ilitenga eneo moja tu ambapo Mwafrika aliruhusiwa kujenga nyumba yake mjini Nairobi. Eneo hilo ni Pumwani, lililopimwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Jina lenyewe ni letu: mahali pa kupumua, pa kutua mzigo. Sehemu ya nyumba zilizojengwa na wenyewe ikaitwa Majengo.

Nyumba waliyoijenga haikutoka kwenye ramani ya Mzungu. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili kama zile za Majengo ya Mombasa: mlango wa mbele, ukumbi mrefu unaopita katikati, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule, na nyuma uani penye jiko, choo na mahali pa kuogea. Kuta za fito na udongo. Makuti hayakupatikana, kwa hiyo mapaa yakawa ya madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa, baadaye mabati. Mwenye nyumba anakaa chumba kimoja, vingine anapangisha.

Nataka msomaji alitazame jambo hili vizuri, maana ndilo linaloeleza Eastlands yote. Nyumba hiyo ilimfaa mtu wa mjini kuliko kibanda cha kikoloni cha mtu mmoja, kwa sababu ilikuwa na familia, wapangaji, uani pa wanawake na baraza ya wageni, yote chini ya paa moja. Mgeni akifika kutoka Murang'a, Kisumu, Tanga au Uganda, alipata chumba, na pamoja na chumba alipata lugha na adabu za nyumba. Hivyo ndivyo Kiswahili kilivyokuwa lugha ya uani Nairobi kabla hakijawa lugha ya shule.

Katika wenye nyumba wa Pumwani, wanawake walikuwa wengi mno. Watafiti wawili, Janet Bujra na Luise White, wameandika kwa kirefu juu yao. Walikuwa wanawake waliotoka vijijini, wengine wakiwa wamekimbia ndoa au njaa, wakafanya kazi walizozipata mjini, za heshima na zisizo za heshima, wakaweka akiba, wakajenga. Wengi walisilimu na kuchukua majina ya Kiislamu. Mjini walipata kile ambacho shamba la ukoo lisingewapa: nyumba kwa jina lao. Wako wanaolitaja jambo hili kwa kunong'ona. Mimi naona ni historia ya kusemwa wazi, kwani bila akina mama hao Majengo isingesimama.

Tatizo lilikuwa moja, na halijaisha mpaka leo. Nyumba ilikuwa ya mwenyewe, ardhi ilikuwa ya manispaa. Mwenye nyumba alipewa kibali cha muda tu, hakupewa hati miliki. Anapofariki, watoto wanarithi kuta lakini hawarithi kiwanja.

Alama za kuangalia Pumwani ni hizi. Kwanza, Msikiti wa Riyadha, ambao mwenyeji wa Lamu akilisikia jina lake hahitaji maelezo, maana Riyadha ya Lamu, aliyoianzisha Habib Swaleh, ndiyo iliyolieneza jina hilo katika mwambao. Pili, Ukumbi wa Kumbukumbu wa Pumwani, wa miaka ya 1920, uliokuwa mahali pa mikutano, sherehe na burudani wakati Mwafrika hakuruhusiwa kwingine. Ngoma za beni na lelemama zilizotoka Lamu na Mombasa zilichezwa na vyama vya mitaa hii, vikishindana kwa mavazi na nyimbo kama vilivyoshindana kwetu. Tatu, hospitali ya uzazi ya Pumwani, iliyoanzishwa mwaka 1926 kwa jina la Lady Grigg, mke wa gavana wa wakati huo. Mombasa nayo ilikuwa na wodi ya uzazi yenye jina hilo hilo la Lady Grigg, na wazee wetu wengi wamezaliwa hapo. Ya Pumwani imekua hadi kuwa mojawapo ya hospitali kubwa za uzazi Afrika.

Shauri Moyo na Kamukunji

Pangani ilipobomolewa, waliohamishwa walijengewa mtaa mpya karibu na Pumwani, mwaka 1938. Mtaa huo ni Shauri Moyo. Maelezo ya mitaani husema jina lilitokana na hali yenyewe: unahamishwa, ukitaka kuja njoo, usipotaka ni shauri la moyo wako. Iwe ndivyo ilivyokuwa au sivyo, ni jina ambalo mtu wa bara asiyejua Kiswahili asingeweza kulitunga.

Jirani yake ni uwanja wa Kamukunji. Hapo ndipo ulipoitishwa mkutano wa Saba Saba, tarehe 7 Julai 1990, kudai vyama vingi. Serikali iliupiga marufuku, watu wakaja, na ghasia zikaenea mijini. Vyama vingi viliruhusiwa tena mwishoni mwa mwaka uliofuata.

Kaloleni: mtaa wa bustani na sauti ya uhuru

Katika Kimijikenda, kulola ni kutazama. Kaloleni ni kama kusema: nendeni mkaangalie. Na Kaloleni ya Nairobi ilikuwa ya kuangaliwa kweli. Ilijengwa miaka ya 1940, mateka wa vita Waitaliano wakitumika katika ujenzi, kwa mtindo wa mtaa wa bustani: nyumba za matofali za chini, njia za mviringo, nyasi na miti katikati, shule, zahanati na ukumbi wa jamii. Jamii kubwa iliyokaa hapo ilikuwa ya Wajaluo, wengi wakiwa wafanyakazi wa reli, makarani na mafundi.

Ukumbi wa Kaloleni ni mojawapo ya majengo muhimu ya historia ya Kenya, japo ukiupita unaweza kudhani ni ukumbi wa harusi tu. Tarehe 23 Aprili 1950, katika mkutano wa pamoja wa KAU na chama cha Wahindi, Makhan Singh alisimama na kutaka uhuru kamili wa Afrika Mashariki, wakati ambapo wengi walikuwa wakiomba marekebisho tu. Kabla mwezi haujatimia, yeye na Fred Kubai walikamatwa, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Makhan Singh alizuiliwa mpaka mwaka 1961. Sisi wa Pwani tusisahau kuwa mgomo mkubwa uliotangulia huo ulikuwa wa Mombasa, Januari 1947.

Baadaye akina Tom Mboya walifanya siasa zao katika mitaa hii hii ya Kaloleni na Ziwani, ambako mkutano wa jioni ulijaa kwa sababu wasikilizaji walikuwa wanakaa hatua chache tu kutoka ukumbini.

Burma, Mbotela na Ofafa: majina ya vita na majonzi

Karibu na Kaloleni liko soko la Burma, maarufu kwa nyama. Jina lilitokana na askari wa Afrika Mashariki waliopigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia. Msanii wetu wa Kilifi, Fundi Konde, alikuwa katika kundi la wanamuziki waliopelekwa kuwatumbuiza askari hao, na vita vilipokwisha akaendeleza muziki wake Nairobi.

Mbele kidogo uko mtaa wa Mbotela. Jina hili ni la Pwani tupu. Freretown, kule Kisauni, ilianzishwa miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, na ukoo wa Mbotela ulitoka humo. Ukoo huo ulimtoa James Juma Mbotela, aliyeandika kitabu cha Uhuru wa Watumwa mwaka 1934. Ulimtoa pia Tom Mbotela, kiongozi wa KAU Nairobi aliyepinga njia ya kumwaga damu. Aliuawa Novemba 1952, mwezi mmoja baada ya hali ya hatari kutangazwa, na mwili wake ukapatikana karibu na soko la Burma. Mwaka uliofuata aliuawa diwani Ambrose Ofafa. Mitaa ya Ofafa Jericho na Ofafa Maringo inabeba jina lake.

Tarehe 24 Aprili 1954 Waingereza waliuzingira mji mzima katika msako mkubwa, na mitaa ya Eastlands ndiyo iliyobeba uzito wake. Watu walitolewa nyumbani, wakapangwa mistari, wakachaguliwa kwa kabila, maelfu wakapelekwa vizuizini. Soko moja na mitaa miwili vinatukumbusha kuwa miaka ile watu waliuawa kwa kutoa maoni, na waliouawa walikuwa wa pande zote.

Makongeni, Muthurwa na watu wa reli

Makongeni na Muthurwa ni mitaa ya reli. Muthurwa ina zile nyumba za mistari zinazoitwa landi, chumba kimoja kwa familia nzima. Makongeni ilikuja baadaye, ikiwa bora kidogo. Makongeni maana yake ni penye makonge, na mkonge wa mashambani nao una historia ya Wajerumani: uliletwa Tanga mwaka 1893 na Richard Hindorf, ukaenea mwambao mpaka Kilifi, na vijana wengi wa Pwani wakaula na kulala nao.

Reli ndiyo iliyowaunganisha watu wa mitaa hii na sisi. Fundi wa reli alihamishwa Voi, Mombasa, Nairobi, Nakuru, na watoto wake wakazaliwa vituo tofauti. Ndiyo maana ukikaa na wazee wa Makongeni utasikia Kiswahili chenye lafudhi tatu katika sentensi moja. Kutoka kwenye mchanganyiko huo, katika nyua na viwanja vya mpira vya Eastlands, ndipo ilipozaliwa Sheng. Tunaweza kuilaumu tukitaka, lakini tukumbuke mama yake ni nani.

Hali ya leo

Mitaa ya zamani ya baraza la jiji na ya reli imechakaa kweli. Mabomba yamepasuka, mapaa yanavuja, vibanda vimejazana kwenye nyasi za zamani. Serikali imeamua kuijenga upya kwa ghorofa, na Pangani, Shauri Moyo, Starehe na Makongeni zimekuwa katika orodha ya mipango hiyo. Simpingi anayetaka mwananchi akae mahali pazuri. Mtu hali historia.

Lakini yako mambo mawili yanayonitia wasiwasi.

La kwanza ni nani atakayekaa humo. Eastlands imewahi kuona hili. Miaka ya 1990, katika Mathare 4A, serikali ya Ujerumani ilisaidia mradi wa kujenga upya vibanda, ukisimamiwa na shirika la Amani Housing Trust la Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi. Nia ilikuwa njema na nyumba zilijengwa. Hata hivyo wakazi wengi walizusha upinzani mkali, wenye vibanda kwa kupoteza mapato, wapangaji kwa kuhofia kodi na kuhamishwa. Funzo ni kwamba nyumba mpya si lazima iwe ya mkazi wa zamani. Katika Majengo jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa wajukuu wa wale akina mama waliojenga hawana hati. Wakiambiwa waonyeshe haki yao, wataonyesha ukuta wa udongo na kibali cha muda kilichochakaa.

La pili ni kumbukumbu. Nyumba ya Kiswahili ikiwa Lamu ni urithi wa dunia tangu mwaka 2001. Ikiwa Mji wa Kale wa Mombasa, inalindwa kwa tangazo la serikali. Nyumba hiyo hiyo, mtoto wa baba mmoja, ikiwa Majengo ya Nairobi inaitwa kibanda. Kisa? Kwa sababu ni ya udongo na madebe, na waliomo ni maskini. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inaruhusu jengo au eneo kutangazwa kuwa la kihistoria popote nchini. Haisemi lazima liwe la matumbawe wala liwe karibu na bahari.

Sidai kila nyumba iachwe. Nadai kidogo sana: nyumba moja ya Majengo yenye ukumbi na uani wake ibaki na ikarabatiwe, ukumbi wa Kaloleni na ule wa Pumwani isiguswe, majina ya mitaa yasibadilishwe kwa majina ya makampuni, na wazee wahojiwe na kurekodiwa wangali hai. Zaidi ya yote, wenye nyumba wasio na hati waandikishwe kabla tingatinga halijawashwa, wasije wakaandikishwa baada.

Kwa anayetaka kwenda

Ukishuka treni ya kisasa, panda ile ya kuunganisha mpaka stesheni kuu ya Nairobi. Kutoka hapo Muthurwa si mbali. Fuata Barabara ya Jogoo, ambayo zamani iliitwa Donholm, utaikuta Burma, Kaloleni na Makongeni zikifuatana, na uwanja wa City uliopewa jina la Joe Kadenge, mchezaji mashuhuri. Siku nyingine anzia Kariokor, pita Ziwani, kisha Gikomba, uingie Pumwani. Enda asubuhi, enda na mwenyeji, na omba ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtu au nyumba yake. Ijumaa ukiswali Riyadha, kaa kidogo barazani baada ya swala. Sema umetoka Mombasa, Lamu, Malindi au Vanga. Hutamaliza kusema kabla hujaulizwa ukoo wako, na huenda ukatajiwa jamaa ambaye kwenu mlidhani alipotea.

Wasomaji wenye picha, vibali vya zamani vya nyumba, au majina ya wazee wao waliohamia Pangani, Pumwani au Shauri Moyo, wasiviache vikaliwa na mchwa makabatini. Viandikeni, pigeni nakala, wapeni watoto. Mji ukibomolewa, karatasi na hadithi ya mzee ndivyo vitakavyosema nani alikuwapo.